Koti Lililoingia Mara Tatu

Nina kesi hapa, na hakimu sijampata. Tulizoea kwamba anayeshindwa kujibu hutoa mji. Leo sidai mji wa mtu, maana hata mimi niliyeileta kesi nimeshindwa kuikata. Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, halafu tusikilizane.

Walikuwako wasichana watatu waliopanga chumba kimoja mjini Njombe, kule ambako baridi ikishika watu husalimiana mikono ikiwa kwapani.

Otilia alijaliwa mikono. Nguo yoyote ikipita mikononi mwake, hata iwe ile ya mtumba iliyobaki chini kabisa ya fungu, ilitoka na heshima zake. Alikuwa na koti moja la bluu na jozi moja ya viatu vyeusi vya kisigino. Mle chumbani hapakuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Skola alijaliwa macho. Ukikaa naye kidogo tu atakuambia jino gani linakuuma na hujamwambia kama una jino bovu. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Mbele ya mtu mkubwa maneno yalimkauka, akabaki anatazama vidole vyake vya miguu.

Edina, wa tatu, alijaliwa ulimi, na ulimi wenyewe ni ule unaomtoa nyoka pangoni. Alipokosana mwenye nyumba na wapangaji, Edina ndiye aliyetumwa. Lakini mavazi yake yalikuwa kitenge kilichopauka na ndala, basi, na ukimwona kwa mbali usingemtuma hata dukani.

Siku moja ikasikika kwamba Bi Leokadia anatafuta mtu wa mapokezi katika nyumba yake ya wageni. Mtu mmoja. Wote watatu walikuwa wanatafuta kazi, na wote wakaandika barua za maombi, na wote wakaitwa kwenye usaili asubuhi moja.

Bi Leokadia alikuwa mjane. Nyumba ile aliijenga kwa jasho la viazi, tofali juu ya tofali, watu wakimcheka kwamba mwanamke peke yake atafika kwenye msingi tu. Sasa goti lilikuwa limemharibikia, na adhuhuri ya siku ile ile gari lilikuwa lije kumchukua kwenda kupasuliwa hospitali ya mbali. Asingerudi upesi. Huyo atakayemwajiri ndiye atakayebaki na funguo za vyumba na stoo, na ndiye atakayewapokea wageni kwa jina lake. Mtu wake wa mwisho wa mapokezi alikuwa na ulimi wa shubiri, hadi wageni wakawa wanapita mlangoni kwake wakienda kwa jirani. Akikosea mara ya pili, atarudi akute kuta tupu. Bi Leokadia aliogopa, na hakumwambia mtu.

Alichojivunia ni jicho lake. "Mtu namjua anavyoingia mlangoni," alizoea kusema. Juu ya jicho akaongeza mtego. Alimwomba kaka yake, Mzee Alfonsi, aliyekuwa ametoka shambani kuchimba viazi, asivue mabuti yake ya tope. Kila msichana akishaketi, mzee aingie kama mgeni asiyejulikana na kuomba chumba.

Akaingia Otilia. Koti limemkaa sawasawa, kola imesimama, viatu vinang'aa, nywele zimelazwa vizuri. Bi Leokadia moyo wake ukamwambia, "Ndiye huyu." Wakasalimiana, wakaanza mazungumzo, mara Mzee Alfonsi akasukuma mlango na tope lake lote. Otilia akatazama sakafu kabla ya kutazama uso.

"Babu, viatu vivuliwe nje," akasema. Salamu akaisahau.

Hakukusudia ubaya. Sakafu ile ilikuwa safi, na sakafu safi ikichafuliwa Otilia huumia kama aliyekanyagwa yeye. Lakini mgeni amekwisha kukosewa. Bi Leokadia akashusha pumzi, akamshukuru, akamruhusu aende. Msichana alipoinuka, bibi akaona kwamba vifungo vya koti vilikuwa vitatu, na cha katikati kilikuwa cha kijani.

Akaingia Skola. Bi Leokadia aliliona koti kabla ya kumwona msichana. Koti la bluu, kifungo cha kijani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kifungo kikabaki cha kijani. Viatu navyo ni vile vile, ila safari hii vilikuwa vidogo kuliko miguu, na Skola alitembea kama anayekanyaga makaa. Bi Leokadia akafungua mdomo kuuliza, akaufunga. Hamu ilikuwa imemshika ya kutaka kujua mambo haya yataishia wapi.

Mzee Alfonsi akaingia. Skola akainuka, akamsogezea kiti, kisha akazunguka upande wa kulia wa mzee, akainama na kumsalimu kwa salamu ya kwao, "Kamwene, babu."

Bi Leokadia akashtuka. Kaka yake hasikii kwa sikio la kushoto tangu ujanani, na kwa kuwa ni mtu wa majivuno, huficha. Majirani wenyewe wapo wasiojua hadi leo. Huyu binti amejuaje? Akahamasika, akamwuliza swali alilokuwa analiona kubwa kuliko yote: "Mgeni akikujia amefura kwa hasira, utamwambia nini?"

Skola akatazama dari. Akatazama viatu. "Nita... nitamwambia pole, mama."

"Halafu?"

Halafu hapakuwa na halafu. Kijasho kilimtoka Skola na baridi yote ile. Bi Leokadia akamhurumia, akamwacha aende.

Kabla wa tatu hajaonekana, bibi alisikia viatu vikiburuzwa varandani, akajisemea, "Koti hilo linakuja." Na kweli. Edina aliingia akiwa amemezwa na mabega ya koti, na kwenye visigino vya viatu vikichungulia vitambaa vilivyosokomezwa ndani ili viatu visimvuke miguuni. Bi Leokadia akajikaza asicheke. Mzee Alfonsi alipotokea, Edina akaenda moja kwa moja upande wa kulia.

"Kamwene, babu. Poleni na shamba. Karibuni mketi, matope yatafutika, msijali."

Mzee akasahau kwamba anaigiza, akaketi kweli.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulipanga mtu. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia Bwana Kyando, mfanyabiashara wa mbao, mteja wa miaka na miaka. Alikuwa amechelewa njiani na mzigo wake, na chumba chake cha siku zote amekuta kuna mtu amelala. Kosa lilikuwa la Bi Leokadia mwenyewe. Goti lilimuuma, akasahau, akampa mwingine.

"Mimi hapa ndiyo basi!" akafoka Bwana Kyando. "Jirani ana vyumba, ananikaribisha kila siku, mimi najifanya mwaminifu!"

Edina akainuka na lile koti lake la mabega manne.

"Baba, hasira yako ni ya haki," akasema. "Chumba chako kimepewa mtu, na tumekosa. Lakini kabla hujaondoka, naomba nijue kitu kimoja. Chumba kile ulikipendea nini?"

Bwana Kyando hakuwahi kuulizwa hivyo. "Dirisha," akasema. "Nikilala pale naliona lori langu na mbao zangu uani. Bila hivyo silali."

Edina akamgeukia Bi Leokadia. "Mama, kuna chumba kingine kinachotazama uani?"

Kilikuwapo kimoja, kidogo, karibu na jiko, ambacho bibi alikiona si cha kumpa mtu wa heshima. Bwana Kyando akakitazama, akachungulia dirishani, akaliona lori lake. Akarudi amelegea, akaomba chai.

"Kazi umepata," Bi Leokadia akamwambia Edina. Maneno yalimtoka kabla ya kuyapima. Kisha akakumbuka. "Ila niambie. Hilo koti ni la nani?"

Ulimi ule ulioweza kumtuliza Kyando ungeweza kutunga uongo mtamu. Lakini Edina alijibu: "La Otilia, mama, yule aliyeingia kwanza. Hata viatu ni vyake. Na habari za sikio la babu nimepewa na Skola."

"Na wao wako wapi?"

"Nyuma ya bafu, mama. Ndipo tulipokuwa tunabadilishana."

Wakaitwa. Otilia alikuja amejifunga kitenge cha Edina, meno yakigongana kwa baridi. Skola alikuja na ndala, kisigino kimechubuka. Wakasimama mstari mmoja na Edina, macho chini.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," akafoka Bi Leokadia. "Bibi zenu hawakuwaambia?"

Mzee Alfonsi akacheka. "Mbona hii imesitiri watatu?"

Bi Leokadia hakucheka. Alikuwa na hasira ya kuchezewa, na chini ya hasira alikuwa anawapenda wasichana hawa, jambo lililozidi kumkera. "Mlikubaliana nani aipate hii kazi?"

Wakatazamana. "Tulikubaliana kusaidiana kuingia, mama," akasema Otilia. "Habari ya kutoka hatukuizungumza."

"Basi izungumzeni sasa, nisikie."

Otilia akaanza. "Mama, Edina angekuja na kitenge chake na ndala, ungemkaribisha kiti?"

Bi Leokadia alikuwa mtu wa kweli. "Nisingemkaribisha."

"Mimi nilitoka humu nikijua nimeharibu. Ningeweza kwenda nyumbani na koti langu. Nililivua, nikabaki nje na baridi hii, nikamnyoosha Skola kola, nikamsokomezea Edina viatu. Sura uliyoipenda mlangoni ni kazi ya mikono yangu."

Skola alipoambiwa aseme, walidhani atanyamaza. Akasema, polepole, kwa vidole vyake vya miguu. "Mimi niliuona mtego wako, mama. Otilia alipokwisha kuingia, babu alikuwa anachungulia kutoka jikoni akisubiri zamu yake. Na kila akisemeshwa na watu wa jikoni anageuza shavu la kushoto pembeni. Siri hiyo ningeweza kuimeza. Nilikuwa bado naitaka kazi kuliko kitu chochote. Nikampa Edina. Bila mimi, angezungumza na sikio lililokufa."

Mzee Alfonsi akakohoa, akatazama nje.

"Koti si langu na siri si yangu," akasema Edina. "Lakini Bwana Kyando hakuwamo katika koti, wala hakuwamo katika siri. Alipoingia na hasira zake, nilikuwa peke yangu. Hapo hakunisaidia mtu."

Bi Leokadia akamgeukia kaka yake. "Nisaidie, kaka."

Mzee alikuwa na majibu, ila hayakuwa ya kusaidia. "Otilia ana moyo wa kuvua koti," akasema, "lakini alinitazama miguu kabla ya uso. Skola alinipa heshima ambayo hata mabinti zangu hawanipi, lakini Kyando angemla nyama. Edina amekuokolea mteja, na alipoulizwa amesema kweli. Ila angalia, amesema alipoulizwa. Usingeuliza je? Na wote watatu ndani ya asubuhi moja wamekufumba macho nyumbani kwako mwenyewe. Funguo hizo dada yangu, mimi ningelala nazo."

"Nitalala nazo hospitali?"



Namwona mmoja pale nyuma keshafungua mdomo aseme bibi awaajiri wote watatu. Ufunge. Bi Leokadia alifikiri hilo kabla yako, akapiga hesabu mara mbili. Nyumba ilikuwa inaweza kumlisha mmoja, na huyo mmoja kwa kubana. Na wewe unayetaka kusema awafukuze wote, gari limekwisha kufika nje, dereva anapiga honi, na nyumba haiwezi kubaki bila mtu.

Mzee Alfonsi akabeba mkoba wa dada yake akatangulia. Bwana Kyando alikuwa anakunywa chai yake kwa amani. Bi Leokadia akasimama kwa goti lake bovu mbele ya wasichana watatu, na kwa mara ya kwanza tangu ajenge nyumba ile, jicho lake halikumwambia kitu. Otilia alikuwa ameacha kutetemeka. Skola, kwa mara ya kwanza siku ile, aliinua uso. Edina alikuwa anafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, na haikujulikana kama anajiandaa kulirudisha au ni joto la wasiwasi.

Mimi kisa changu nilipewa kikiwa kimeishia hapa, na tangu hapo nakizungusha kichwani. Kuna siku nampa Otilia, kwa kuwa mlango ulifunguliwa na mikono yake. Kuna siku nampa Skola, kwa kuwa alitoa kitu ambacho ukishakitoa hukirudishi. Kuna siku nampa Edina, kwa kuwa mwisho wa yote mtu wa mapokezi ni yule atakayesimama peke yake mbele ya Kyando. Kila nikimpa mmoja nawakumbuka wale wawili, kwamba jioni wote watarudi kwenye chumba kile kile kimoja, na watatazamana.

Je, wewe uliyenisikiliza hadi hapa, ungempa nani hiyo kazi? Na hao wawili wengine, ungewaambia nini usoni mwao?