Mfuko wa Chumvi Mgongoni mwa Dalacha

Hapo zamani, nisikilizeni kabla sijaishiwa pumzi, hapo zamani palikuwa na mama kijana, Loko, na mtoto wake wa kwanza, Sora, hajafikisha hata miaka miwili. Sora aliharisha siku ya kwanza, akaharisha ya pili, ya tatu akalia bila machozi. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Mganga alikuwa mmoja tu, Bibi Bokayo, na kwake ni mbali, mbali ya farasi kukimbia tangu alfajiri hadi jua lianze kushuka.

Galma, mumewe Loko, alikuwa na farasi jike wa kijivu, Dalacha. Akamtandika. Kisha akampakia mfuko wa chumvi, mzito, umeshonwa mdomo.

"Huo wa nini leo?" Loko akauliza.

"Chumvi ya posa ya mdogo wangu Jarso. Si mnakwenda huko huko kwa Bokayo, mama wa binti? Ila uzi msiuguse, mama Sora. Unajua."

Alijua. Nani asiyejua? Chumvi ya posa hushonwa na mama wa mwanamume, hufunguliwa na mama wa binti peke yake. Uzi ukikatwa njiani, posa imekufa.

Basi Jarso akashika hatamu, Loko nyuma, mtoto katikati. Dalacha akakimbia, jasho likamtoka. Akakimbia, jasho likawa povu jeupe. Kisima cha kwanza, Jarso akamwinamisha anywe, Dalacha akanusa, akageuza uso.

"Umemwona?" Jarso akacheka. "Hata kiu hana! Huyu ni farasi au upepo?"

Kisima cha pili akageuza uso tena.

"Shemeji, apumzike kidogo."

"Apumzike, na mtoto anaisha? Hana kiu, nimekwambia!"

Wakapita. Hawakujua kwamba jasho la farasi huondoka na chumvi nyingi ya damu, nyingi kuliko letu sisi, na maji na chumvi vikitoka pamoja damu haisikii kiu, inakauka kimya kimya, haimwambii mwenyewe.

Kisima cha tatu palikuwa na mwanamke, Adhe, ananywesha punda zake. Akamtazama Dalacha. Ubavu ulikuwa unaruka, tup, tup, sawasawa na moyo. Adhe akapitisha kidole shingoni mwa farasi, akakilamba.

"Dada, huyu ameishiwa chumvi. Mpeni chumvi kwanza, ndipo anywe. Mkimpa maji matupu mtaizimua hata ile damu iliyobaki."

Loko akautazama mfuko. Mkono wake ukaenda, ukashika uzi.

"Usithubutu!" Jarso akasema.

"Konzi moja tu, shemeji."

"Konzi moja, na mimi nikae bila mke? Utaolewa nami wewe?"

Loko akaondoa mkono. Adhe akaona mambo ya posa si yake, akawarudia punda zake. Jarso akamlazimisha Dalacha maji, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, na Loko akamnywesha Sora maji yale yale, akayatapika.

Hawakufika mbali. Dalacha akayumba, akapiga magoti, akalala juu ya mfuko wake, akafa. Loko akamfunga mtoto mgongoni akakimbia kwa miguu. Moshi wa nyumba ya Bokayo ulikuwa unaonekana. Unaonekana, jamani! Akakimbia akimwimbia Sora, Sora usilale, Sora usilale, na alipofika mlangoni hakuwa na wa kumwimbia.

Jarso akaja nyuma, mfuko begani, uzi mzima. Bokayo akaukata kwa kisu, kama desturi.

"Mwanangu, unajua ningempa nini? Maji, asali, na hii. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sina dawa nyingine ya ugonjwa huu."

Loko alikaa chini tu. Siku nzima alikuwa ameegemea dawa ile kwa goti.

Sasa, nchi ile, mtoto akifa kwa kosa la mtu, mwenye kosa ndiye huweka jiwe la kwanza kaburini. Kabla yake hakuna anayegusa jiwe. Kesho yake wakasimama wote.

Galma, aliyewafuata kwa miguu mchana na usiku, akasema, "Si mimi. Farasi wangu wa pekee nimemtoa. Ningejuaje?"

Jarso akasema, "Si mimi. Mbio zilikuwa za mtoto. Na huo uzi sikuushona mimi."

Adhe, maana aliitwa, akasema, "Si mimi. Ni mimi peke yangu niliyesema." Kisha akainama. "Nilikuwa na kipande cha chumvi ya punda, nimekifunga kwenye upindo wa nguo. Hawakuniomba."

Bokayo akasema, "Si mimi, sikuwepo. Lakini wangeniletea mtoto mzima na mfuko uliofunguliwa, ningewarudisha na posa yao. Ningewarudisha, Mungu ananisikia."

Loko hakusema si mimi. Alisema, "Mkono wangu ulikuwa juu ya uzi."

Msimrukie kwa sababu hajajitetea, nawaomba, msimrukie haraka. Alikuwa na mtoto mmoja na wakwe wengi.

Jua limepanda. Sora hajafunikwa, na nzi wameshaanza kuja. Haya, nyinyi mnaonisikia, semeni upesi: nani aweke jiwe la kwanza?