Shahidi wa Pikapu ya Nguchiro

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu wasiokula. Paukwa!

— Pakawaaa!

Palikuwa na nini?

— Na gari!

Gari la nani?

— La aliyeandikwa!

Haya. Palikuwa na Ngiri, mwenye meno mawili yaliyopinda mbele ya uso na shamba la viazi ambalo halikumtosha. Jirani yake alikuwa Nguchiro, mama wa watoto sita, mwenye mwili mdogo wa kuweza kupita chini ya mlango uliofungwa.

Siku moja Nguchiro akanunua pikapu kuukuu kwa Kobe. Rangi ilikuwa imebabuka na mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini lilikuwa gari. Asubuhi Nguchiro akapakia maboga, akapakia watoto, akawasha: kururu, kururu, kururu, puh! Akapita mbele ya shimo la Ngiri. Pipii!

Ngiri akaona. Roho ikamuuma: chwii! Kama maji juu ya kikaango cha moto.

Jioni pikapu ikarudi bila boga hata moja, watoto wamelala juu ya magunia matupu. Pipii! Ngiri akaona. Roho ikamuuma: chwii!

"Baba watoto, kula," mkewe akamwambia. "Viazi vinapoa."

"Umeiona ile pikapu?"

"Nimeiona. Haijala viazi vyako."

"Mlango wake umefungwa kwa kamba!"

"Sasa kama ni mbovu hivyo, mbona huli?"

Ngiri hakula. Maisha yake yote hakuwahi kutaka gari, wala kuendesha hakujua. Alichotaka ni Nguchiro asiwe nalo. Lakini neno hilo halisemeki mbele za watu, kwa hiyo akaanza kusema analitaka yeye.

Kesho yake akaenda kwa Tembo, karani wa ofisi ya magari.

"Bwana Karani, ile pikapu imeandikwa jina la nani?"

Tembo akafungua daftari: fwa, fwa, fwa. "Kobe. Ameshamuuzia Nguchiro, lakini kadi haijabadilishwa jina. Wanatakiwa kuleta mkataba wenye saini tatu na picha tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi na ya shahidi. Jua la Ijumaa likizama saini hazijatimia, mauzo yamekufa. Kobe atamuuzia amtakaye."

Ngiri akaenda mbio kwa Kobe. "Wakishindwa, utaniuzia mimi?"

"Wakishindwa, sawa," Kobe akasema. "Mimi sitaki gari hilo lirudi mlangoni kwangu. Nilichoka kulizunguka kila nikienda kunywa maji. Siku mbili nzima, kwenda na kurudi."

Basi Ngiri akapita nyumba kwa nyumba, akionyesha meno yake.

Kwa Kanga: "Atakayekuwa shahidi wa Nguchiro atakutana na haya. Umeyaona?"

"Nimeyaona."

Kwa Digidigi: "Umeyaona?"

"Nimeyaona, Bwana Ngiri. Shikamoo."

Kwa Nungunungu: "Umeyaona?"

"Nimeyaona, tena rudi nyuma kidogo, yasije yakanitoboa."

Kisha akakaa kichakani, akamtazama Nguchiro akipita nyumba zilezile. Kanga alikuwa na mgonjwa. Digidigi alikuwa na safari. Nungunungu alizungumza naye kwa muda mrefu mlangoni, mwishowe akatikisa kichwa na miba yake yote: cha-cha-cha! Nguchiro akarudi nyumbani kwa miguu, kichwa chini.

Siku hiyo Ngiri alikula viazi vyake, akala na vya mkewe.

Ijumaa mchana akaenda ofisini, akakaa kwenye benchi. Alikuwa amekwisha kupiga picha ndogo, akaiweka mfukoni tayari kwa zamu yake jua likizama. Kwa mlango uliokuwa wazi alimwona Nguchiro ameketi mbele ya Tembo, na mkataba mezani. Kobe alikuwa amesaini. Nguchiro alikuwa amesaini. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu, mweupe, mtamu kuutazama.

Jua likashuka. Likashuka tena.

Mara, cha-cha-cha! Nungunungu huyo! Miba imechanwa, imepakwa mafuta, tai shingoni, picha mkononi.

Nguchiro akaruka kutoka kwenye kiti. "Karibu, mheshimiwa shahidi! Mpisheni mheshimiwa!"

Mheshimiwa? Ngiri akainua masikio.

"Bwana Karani," Nguchiro akauliza kwa sauti kubwa, "nimesikia picha ya shahidi hubandikwa kwenye mlango wa ofisi hii. Ni kweli?"

"Mwezi mzima," Tembo akajibu. "Kila apitaye amjue mwenye kuaminika."

"Unasikia, Mzee Nungunungu? Mwezi mzima! Na hapa mwituni, nani mwingine angefaa? Wenye sura wapo, lakini wa kuaminika ni wewe tu."

Nungunungu akajikohoza, akanyoosha tai. Ngiri akaona. Roho ikamuuma: chwii! Ikauma kuliko siku ya pikapu. Yule? Mfuko wa sindano? Picha yake mlangoni, na yeye Ngiri apite chini yake kila siku?

Akasimama. "Huyu mnamwita mheshimiwa kwa lipi?"

"Kaka Ngiri, tafadhali," Nguchiro akamwambia, "usituharibie shughuli. Nafasi ni moja, nayo ameshapewa mwenyewe."

"Amepewa na nani?"

"Keti, kaka. Huenda mwaka mwingine nawe utafikiriwa."

"Nifikiriwe!" Ngiri akamsukuma Nungunungu pembeni, puu! Akapokonya kalamu, akasaini mstari wa tatu kwa herufi kubwa zilizovuka ukingo wa karatasi. Akatoa picha yake mfukoni, akailamba nyuma, akaibandika: pa! "Haya! Nani shahidi?"

"Wewe, kaka," Nguchiro akasema kwa upole.

Tembo akainua muhuri kwa mkonga. Gwa! "Mauzo yamekamilika. Mwenye gari ni Nguchiro."

Ngiri akautazama mkataba, akamtazama Nguchiro, akalitazama jua, ambalo lilikuwa bado halijazama.

"Futa!" akapiga kelele. "Mauzo hayo ni ya uongo!"

"Sema polepole," Tembo akamwonya. "Shahidi ni wewe. Kama ni uongo, wewe ndiye uliyeushuhudia, na kwa hilo kuna kifungo."

Ngiri akamgeukia Nungunungu. "Na wewe! Nilikuonyesha meno, bado ukaja kusaini?"

"Nani, mimi?" Nungunungu akajipangusa vumbi. "Sikuja kusaini mimi. Niliambiwa tu nivae tai, nije nisimame hapa."

Nje ikasikika: kururu, kururu, kururu, puh! Pipii!

Ngiri akarudi nyumbani. Alipofika shimoni akataka kuingia kwa kichwa kama kawaida, lakini akawaza: nikiipa barabara mgongo, nitajuaje Nguchiro amenunua nini tena? Akageuka, akaingia kinyumenyume, makalio mbele, macho nje. Ndivyo anavyoingia hadi leo. Watu husema anaogopa simba.

Na fundisho? Fundisho ni kwamba husuda ni jambo jema, watoto wangu. Marafiki wote wa Nguchiro walimwogopa Ngiri. Aliyemtilia saini ni hasidi peke yake. Basi kila mtu amtunze hasidi wake, amsalimie asubuhi, na akipita nyumbani kwake apige honi.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa. Ikiwa nzuri, iandikisheni kwa majina yenu. Ikiwa mbovu, mrudishieni aliyeniuzia. Sasa nyanyukeni, vyombo vinangoja.