Karata Nyeusi za Mtondooni

"Karata huuliza, mwenyewe hujibu." Nasra ameitupa methali hii hapa barazani kama anayetupa ganda la chungwa, na nilipomuuliza kaitoa wapi, akasema kila mtu anaisema. Ndiyo, kila mtu anaisema, na hakuna anayejua imetoka kinywani mwa nani. Hivyo ndivyo maskini wanavyonyang'anywa hata maneno yao. Sasa mnataka kujua chanzo chake. Sogeeni, maana chanzo chake ni hiki, na nilielezwa na mtu aliyekuwa na tope hadi kiunoni siku hiyo.

Wala msimcheke Nasra. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani anakouza nguo, anafungua simu yake na kufunua karata moja, zile zenye picha za mwezi, za gurudumu, za mtu aliyening'inizwa kichwa chini. Leo kafunua mnara umepigwa na radi, watu wanaporomoka kutoka madirishani. Basi kaogopa. Alikuwa amekubaliana na wenzake kwamba leo amwambie bosi wao waletewe viti, kwa sababu wanasimama kutwa hadi miguu inavimba. Sasa yuko hapa na sisi, na viti bado havijaombwa. Sikiliza vizuri, Nasra, hii ni yako kuliko ya hawa wengine.

Mtondooni kilikuwa kijiji cha makumbi. Kumbi ni lile ganda la nje la nazi, lenye nyuzi, ambalo ninyi mnalitupa jaani. Wanawake wa Mtondooni waliyakusanya, wakangoja maji yapwe, kisha wakateremka kuyafukia katika tope jeusi lililo mbele ya kijiji na kupanga mawe juu yake ili bahari isiyachukue. Humo hukaa miezi na miezi hadi yalainike. Yakifukuliwa hupigwa kwa gongo yakatoa usumba, na usumba husokotwa kamba. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake. Hapakuwa na alama wala jina, lakini kila mmoja aliyajua mawe yake kwa jinsi alivyoyapanga, kama unavyoujua mshono wa mkono wako. Na kumbi likitolewa kabla ya wakati wake ni hasara tupu. Halipigiki, halisokoteki, na kwa kuwa limelowa maji ya chumvi, hata jikoni haliwaki.

Njia ya kwenda pwani ilipita mbele ya nyumba ya Bi Kazija. Huyu alikuwa mjane mtu mzima, na mumewe alimwachia pakiti ya karata alizokuwa akichezea na wenzake. Wenzake walipokuja kuzitaka, Bi Kazija aliwaambia wakanunue zao. Alizikalisha kibarazani pake, na wanawake wakiteremka pwani alfajiri, mwenye neno moyoni alisimama na kuvuta moja kwa mkono wake mwenyewe. Nimrudie mume wangu? Nimwambie mkwe wangu ukweli? Bi Kazija hakuwa na maneno mengi. Aliitazama karata, akamtazama mwenye kuvuta, akauliza, "Imekukalia vipi?" Mwanamke akasema la moyoni mwake, akairudisha karata, akaenda zake.

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa la Mtondooni nzima. Hatua chache tu njiani, mwanamke yule yule alimwambia mwenzake, "Bi Kazija kasema nirudi." Bi Kazija hakusema kitu. Lakini waliona afadhali neno liwe lake kuliko liwe lao. Wakaenda mbali zaidi, wakajitungia sheria: karata nyekundu nenda, nyeusi kaa nyumbani. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipokwenda kumkanya kwamba anatabiri, Bi Kazija alimjibu, "Maalim, ya ghaibu anayajua Mungu. Mimi nawauliza ya kwao wenyewe. Wanayajua, ila hawajajisikia wakiyasema."

Sasa aje Ngwali. Watu hupenda kudhani adui hushuka melini na kofia kubwa. Ngwali alizaliwa Mtondooni, na kila tonge alilolila utotoni mama yake alilipata kwa kusokota kamba. Alipokuwa mkubwa akafungua duka, duka likanenepa, naye akanenepa nalo. Akaenda mjini, akarudi na kibali cha kujenga gati la kushushia bidhaa zake, na mahali alipopachagua ni pale pale kwenye tope. Ijumaa moja watu walipotoka msikitini akasimama akatangaza: bamvua lijalo, siku maji yanapotoka mbali kuliko siku zote, vijana wake watapigilia nguzo. Mwenye makumbi yake ayatoe.

Kwa wengi ilikuwa hasara. Kwa Mize ilikuwa njaa. Mize alikuwa mwanamke kijana aliyeachwa na mume, ana watoto, ana mama asiyeona. Alikuwa amefukia juzijuzi tu, makumbi bado magumu kama mbao. Akiyatoa, ameyatupa. Akiyaacha, yanapigiliwa nguzo juu yake. Chakula chote cha nyumba ile kilikuwa chini ya mawe yale.

Siku moja walipokuwa wakipiga makumbi, wenzake wanalalamika, Mize aliweka gongo lake chini.

"Kwani Ngwali atapigilia nguzo juu ya mtu?"

"Juu ya mtu vipi?" akauliza Bi Mkasi, mwanamke mwenye mkono mzito kuliko wote pale.

"Tukakae. Kila mtu juu ya mawe yake. Tuone nguzo itapita wapi."

"Na maji yakijaa?"

"Tutalowa, somo. Kwani leo umevaa hariri?"

Wakacheka hadi wakashika mbavu, kisha wakaona kuwa halikuwa jambo la kucheka tena. Wakakubaliana. Ila wakaongeza moja, na mimi kila nikilikumbuka hili husaga meno: kwanza kila mmoja avute karata kwa Bi Kazija.

Habari zikamfikia Ngwali. Hakugomba. Alifurahi, akamwambia mkewe, "Hawa wanaongozwa na karata. Basi na mimi nitaziongoza karata." Duka lake ndilo pekee lililouza karata kijijini, zote za aina moja, zenye mgongo wa buluu. Akafungua pakiti kadhaa, akatoa nyeusi zote, shupaza na pau, akazipanga pakiti moja. Nyekundu hata moja haikumo. Siku ya mkesha wa bamvua akaenda kwa Bi Kazija na kipande cha halua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umenikumbuka."

"Shangazi hasahauliki."

"Hasahauliki, ila hutembelewa akiwa na kitu," akasema Bi Kazija, akaingia ndani kumpikia kahawa. Mkono wa Ngwali ukafanya kazi yake, pakiti ikabadilishwa kwa pakiti. Akanywa kahawa, akaisifu, akaaga kwa heshima zote.

Alfajiri wanawake wakajaa pale kibarazani, kanga zimefungwa viunoni. Bi Mkasi akavuta wa kwanza. Nyeusi.

"Imekukalia vipi?"

"Itanikalia vipi, Bi Kazija, na weusi huu? Tena goti langu tangu jana linanisumbua." Akarudi alikotoka, akichechemea mguu ambao jana ulikuwa mzima.

Akavuta Patima. Nyeusi. Akasema mumewe alishamkataza, hakutaka tu kusema mbele za watu. Wa tatu akavuta, nyeusi, hata hakungoja kuulizwa. Minong'ono ikaanza. Mstari ukawa unakatika kwa nyuma, mmoja anakumbuka mtoto, mwingine chungu alichokiacha jikoni. Hebu tazameni: Ngwali yuko kwake anakunywa uji, na pwani nzima inamwendea bila ya yeye kunyanyua kidole.

Akabaki Mize. Akavuta. Shupaza, nyeusi ti.

"Imekukalia vipi?"

Mize aliikodolea ile karata. Macho yakamjaa machozi. Bi Kazija akamwacha, hakumharakisha.

"Nyeusi," akasema mwishowe.

"Naiona. Nyeusi kama nini?"

"Kama tope."

"Tope gani, mwanangu?"

"Tope letu. La shimoni." Akainua uso. Walioanza kuondoka walisimama, kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika. "Bi Kazija, mimi kila nilicho nacho nimekitia kwenye weusi huu. Kwa mkono wangu. Sijawahi kuuogopa, hata usiku wa mvua nilijua kuwa kitatoka cheupe. Leo niuogope kwenye karatasi?"

"Sijui. Unaniuliza mimi?"

"Sikuulizi. Nakwenda."

Akairudisha karata, akachukua gongo lake, akateremka. Patima akasema polepole, kana kwamba anajisemea, "Na yangu ilikuwa ya tope vile vile." Nguo zikasikika zinapita, shwa, shwa, wanawake wanateremka, wengine wanakwenda kuwagongea waliokwisha kurudi majumbani. Njiani Bi Mkasi aliwapita wote. Goti lilikuwa limepona.

Bamvua lilikuwa limetoa maji mbali kabisa. Ngwali aliposhuka na kanzu yake imepandishwa kwa mkono, vijana wakimfuata na nguzo za mikoko mabegani, aliikuta pwani imejaa kanga. Kila mwanamke kakaa juu ya mawe yake, magongo mapajani. Na vijana wale walikuwa wa kijiji, kwa hiyo mtu alikuwa akimtazama mama yake, au shangazi, au mke wa kaka.

"Pigilieni," akasema Ngwali.

Hakuna aliyepigilia. Kijana mmoja akauliza, "Wapi, bwana? Kwenye mapaja ya mama?"

Watu wakacheka, na hicho kicheko ndicho kilichomvua Ngwali akili. Akawageukia wanawake, mishipa imemsimama. "Ninyi mna wazimu? Karata zote nyeusi, pakiti nzima nyeusi, na bado mmekuja?"

 Bi Kazija alikuwa amekaa juu ya jiwe la Mize, maana yeye hakuwa na shimo. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa karata.

"Pakiti nzima, mwanangu? Sisi tumefunua nne tu. Wewe zilizobaki umezionaje?"

Akazitandaza mapajani, moja baada ya moja. Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Vijana wakatua nguzo zao kwenye tope, mmoja baada ya mwingine, na kila nguzo ilianguka na mlio wake.

Patima akamgeukia Bi Kazija kwa hasira. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua tangu ya kwanza. Karata zangu zimechakaa ncha, hizi zinakata vidole."

"Mbona hukutwambia?"

"Hakuna aliyeniuliza mimi. Mlikuwa mkiziuliza karata."

Ngwali alijaribu kusema. Kwamba kibali anacho. Kwamba wao wamezivunja amri za karata zao wenyewe, watakiona. Hapo Mize akasimama juu ya mawe yake. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanamlamba vifundo vya miguu, naye hakupandisha sauti. "Karata haikutoa amri, Bwana Ngwali. Karata iliuliza. Mwenyewe ndimi niliyejibu." Kisha akakaa tena.

Wakakaa wote. Maji yakapanda magotini, yakapanda viunoni, nguzo za mikoko zikaelea zikapita katikati yao kama vitu visivyo na mwenyewe. Ngwali alisimama hadi kanzu ikalowa, akaondoka. Bamvua lililofuata alikuja tena, akawakuta wamekaa. Na lililofuata. Mwisho gati likajengwa kwa mbali huko, kwenye mchanga usio na kitu cha mtu, na ukitaka kujua kama alifilisika, hakufilisika. Watu kama Ngwali hawafilisiki. Lakini makumbi ya Mize yalikaa hadi wakati wake, na siku alipoyafukua, mama yake asiyeona alishika usumba wa kwanza, akaunusa, akasema umetoka safi.

Na karata? Bi Kazija aliendelea nazo, zile zile nyeusi za Ngwali. Wanawake waliendelea kuvuta, na hakuna aliyetaka zibadilishwe. Waliona zinatosha. Ila njiani hawakusema tena kwamba Bi Kazija kasema. Walisema, "Nimesema." Neno la Mize likatembea kutoka shimo hadi shimo, likafupishwa, likavuka kijiji, likafika hadi kwa Nasra ambaye analisema bila kujua linatoka kwenye tope gani.

Basi Nasra, usinitolee simu yako uniulize mnara ule maana yake nini, na radi, na wale wanaoporomoka. Mimi sijui. Nakuuliza wewe: umekukalia vipi? Ni nyumba yenu inayoanguka, au ni ya yule anayewasimamisha kutwa? Naona unachukua mkoba. Duka halijafungwa bado. Nenda, na wakikupa viti, ukae juu yake ukijua ni nani aliyekaa kabla yako. Karata huuliza, mwenyewe hujibu.