Sale Kwenye Mistari Myeupe

Mshinda kesi si mshinda njia. Mmecheka fundi wetu wa magari alipomwambia hivyo Manka, ambaye leseni yake bado mbichi na tayari ameandikiwa kosa na trafiki. Mnauliza msemo huu ulitoka wapi. Mmeniuliza mimi ninayejua, maana nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya, na methali hii ilianza mbele ya meza yangu.

Anaeli alikuwa na leseni ya wiki tatu na ahadi ya kuendesha gari la wagonjwa, kwa sharti kwamba asiwe na kosa la barabarani. Asubuhi moja trafiki mgeni alimsimamisha chini ya kona ya kanisani, akamwandikia kwamba alipita kwenye kivuko cha mistari myeupe wakati mtu anavuka. Anaeli akaapa hapakuwa na mtu. Wenzake walimshauri alipe yaishe. Akakataa, maana kulipa ni kukiri, na kukiri ni kuikosa kazi. Hata mimi nilimwona ana haki.

Mahakamani trafiki alieleza bila kubabaika. Mvukaji alikuwa bibi mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kitambaa cha njano, akiburuta mguu wa kushoto. Wazee wawili waliinuka wakatoka nje. Hakimu akaagiza bibi huyo aletwe atoe ushahidi.

"Mheshimiwa," nikasema, ingawa karani hakuulizwa, "huyo ni Bibi Aikaruwa. Tulimzika mwaka juzi. Aligongwa pale pale, na mistari ile ilichorwa kwa sababu yake."

Trafiki akalifunga daftari lake. Shahidi hakuna, kesi ikafutwa. Anaeli akapata kazi yake. Nilipomshika mkono kumpongeza, ulikuwa wa baridi.

Siku yake ya kwanza, saa sita mchana, jua kali, alimbeba mdogo wangu aliyekuwa na uchungu wa kujifungua tangu jana yake. Nami nilikuwa ndani. Tulipofika kivukoni gari likazimika. Akawasha, likakataa. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini harufu ya majani mabichi ikajaa garini. Mdogo wangu akaacha kulia, akauliza, "Nani anavuka?"

Barabara ilikuwa tupu. Niliogopa, na nikikumbuka naogopa bado.

Anaeli akashuka, akakata jani la sale kwenye ua wa kihamba, shamba la migomba la jirani. Mnajua kwetu Uchagani: akuleteaye sale kuomba radhi humkatalii. Akaliweka juu ya mistari myeupe.

"Bibi," akasema, "niliapa hapakuwa na mtu. Kweli yenyewe ni kwamba sikuangalia. Nilikuwa najitazama kwenye kioo."

Akasimama pembeni, kama ampishaye mzee mwenye mzigo. Mle garini harufu ikahama polepole kutoka kushoto kwenda kulia, ikaisha. Gari likawaka mara moja, na kisa hicho kilipoenea ndipo watu wakaanza kusema msemo huo. Mtoto aliyezaliwa alasiri ile ni wewe, Manka.

Kwa hiyo sikukatazi kwenda kulibisha kosa lako mahakamani. Kama uliangalia, nenda ukasimame mbele ya hakimu useme. Kama hukuangalia, hakimu anaweza kukuachia, lakini kesho utapita tena pale pale. Mshinda kesi si mshinda njia.