Mpiga Kengele na Maandishi Mekundu

Hapo zamani, katika nchi ya Waingereza, palikuwa na mji uitwao Kolberi, na watu wa mji huo hawakugombania mipaka ya mashamba wala visima vya maji, bali waligombania namna ya kusali. Upande mmoja walikuwako watu wa kanisa la mfalme, ambao kasisi wao alivaa kanzu nyeupe na kusoma sala zake zote katika kitabu kimoja kinene. Upande wa pili walikuwako wale walioitwa Waliojitenga. Hao walisema kwamba sala iliyoandikwa ni sawa na chakula kilichotafunwa na mtu mwingine, basi wakakutana katika ghala la ngano, wakasali yale yaliyowajia moyoni. Na yaliyowajia, kwa kweli, yalikuwa mengi, maana hotuba yao fupi kuliko zote ilichukua saa tatu. Kila upande uliuombea upande wa pili usipotee, na kila upande uliomba kwa sauti kubwa ili upande wa pili usikie.

Katika mji huo alikuwako mtu mmoja fukara, jina lake Tikiko, mpiga kengele na mfagizi wa kanisa la mfalme. Alikuwa na koti moja lenye mifuko mitatu, na mifuko yote ilikuwa mitupu. Watu walimwona punguani, kwa sababu alizoea kuzungumza na kengele yake, na tena akiulizwa jambo hulijibu kama lilivyoulizwa, wala hazidishi. Ukimwambia, "Tikiko, unajua sasa ni saa ngapi?" yeye hukujibu, "Najua," kisha akaendelea kufagia.

Ndugu yake wa tumbo moja, Epafra, ndiye aliyekuwa mhubiri wa Waliojitenga. Mama yao alikuwa amewachagulia majina yote mawili katika nyaraka za Mtume, akitumaini kwamba watapatana. Hawakupatana hata katika kuombea chakula, kwa maana Tikiko aliomba maneno manne, na Epafra aliomba mpaka uji ukapoa. Lakini walikuwa wamelala chumba kimoja tangu utotoni, nao walipendana sana.

Basi ikatoka amri ya mfalme kwamba mtu yeyote asihubiri pasipo kitabu mbele ya watu zaidi ya watano. Jumapili iliyofuata Epafra akahubiri ghalani mbele ya watu mia tatu. Askari wakaja, wakangoja amalize, wakachoka kungoja, wakamkamata katikati ya neno. Akatiwa gerezani, na ikahukumiwa kwamba baada ya sikukuu ya Pentekoste atapakiwa merikebuni na kupelekwa visiwa vya mbali. Epafra alikuwa mgonjwa wa kifua, na kila mtu alijua kwamba mwenye kifua kama kile hafiki huko akiwa hai.

Ikawa siku nane kabla ya Pentekoste, Tikiko akaenda barazani kwa Liwali Rodriki, aliyeutawala mji kwa niaba ya mfalme. Liwali hakuwa mtu mbaya. Alipenda kucheka na alipenda kula, ila alimwogopa mfalme kuliko alivyompenda jirani. Kando yake aliketi Kasisi Ambrosi, mtu mnene, mpole, aliyekipenda kitanda chake upeo wa kukipenda.

"Ee Liwali, bwana wangu," akasema Tikiko, "nimekuja kumwombea ndugu yangu. Kifua chake hakitaivuka bahari."

Liwali akasema, "Ndugu yako angekifungua kitabu, na mlango wa gereza nao ungefunguka. Lakini hao Waliojitenga hawapigi magoti. Ngozi ya magoti yao ni laini kama ya mtoto mchanga!" Watu wa baraza wakacheka, naye akapata raha ya kuendelea. "Basi sikiliza, ewe mpiga kengele. Siku ile ambapo watu wote wa Kolberi watakuwa wamekifuata kitabu hiki neno kwa neno kwa muda wa siku saba, pasipo kuongeza wala kupunguza, nitamwachia ndugu yako huru. Lakini atakayekosa hata kidogo, awe nani, nitamtia mkatale pale sokoni, miguu yake ibanwe kutwa nzima, na Epafra atakwenda zake baharini."

"Neno kwa neno, bwana wangu?"

"Neno kwa neno."

"Na watu wote?"

"Wote, mkubwa kwa mdogo."

"Basi naomba iandikwe," akasema Tikiko, "kwa maana mimi ni mpumbavu, nitasahau."

Wakacheka tena. Kasisi Ambrosi akaiandika amri ile kwa mkono wake mzuri, na pale kwenye maneno "awe nani" akaongeza pambo dogo. Liwali akaitia muhuri.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Liwali hakulijua, na kasisi alikuwa amelisahau. Katika kitabu kile sala zilipigwa chapa kwa wino mweusi, lakini baina ya sala na sala palikuwa na maagizo madogo madogo kwa wino mwekundu, yakieleza ni nani afanye nini, na lini. Kasisi alisoma meusi. Watu walisikiliza meusi, au walisinzia. Mekundu hayakuwa na msomaji, isipokuwa Tikiko, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akikifuta kitabu vumbi kila Jumamosi, naye hakuwa na kitabu kingine cha kusoma.

Akaenda ghalani kwa Waliojitenga, akawaeleza. Mama Ketura, muoka mikate, ambaye kila mtu alimtii kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu, akasimama na kusema, "Tupige magoti? Mbele ya kanzu ile? Tikiko, mwanangu, leo umeamkia upande gani?"

"Mama Ketura, sikuombi ukipende kitabu. Nakuomba ukifuate siku saba tu, chote, pamoja na vijineno vyekundu."

Wakabishana, mmoja akinukuu Isaya na mwingine akinukuu Wagalatia, hata mikate ya Mama Ketura ikaungua tanurini. Mwishowe Tikiko akataka kusema tena, akalia mbele yao wote. "Ni ndugu yangu," akasema. "Sina mwingine."

Wakanyamaza, jambo ambalo kwao lilikuwa muujiza. Mama Ketura akajipangusa macho kwa aproni. "Siku saba," akasema. "Lakini magoti yangu yatanung'unika, nawe utayasikia."

Basi Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, kengele ya Kolberi ikalia kwa nguvu hata njiwa wote wakauhama mnara. Kasisi Ambrosi akatoka mbio na kofia yake ya kulalia, akiuliza, "Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, baba kasisi," akajibu Tikiko. "Maandishi mekundu yanasema kasisi atasali kanisani kila siku, asubuhi na jioni, na kengele ipigwe kwanza ili watu waje. Watu wamekuja."

Kasisi akatazama, akawaona Waliojitenga mia tatu wamejipanga kwenye viti, wameoga na kuchana nywele. Kwa miaka thelathini hakuwa amesali sala ya alfajiri ila akiwa chini ya blanketi. Akakumbuka mkatale, na pambo lake dogo, akaivaa kanzu. Liwali naye akaletwa, kiatu kimoja mkononi, kwa maana amri ilisema watu wote. Ikawa hivyo asubuhi, ikawa hivyo jioni, na kesho yake vilevile. Jumatano ikaongezwa litania ndefu, sala ya kuitikiana kwa magoti, kama mekundu yalivyoagiza, na kila mara watu wa kanisa la mfalme walipoinuka wakidhani imekwisha, Waliojitenga walibaki chini wakiwatazama kwa huruma.

Ijumaa Liwali alikuwa amewaalika wageni kutoka mji mkuu, na bata bukini wanne walikuwa wakigeuzwa juu ya makaa. Mara Mama Ketura akasimama mlangoni pa jiko, na nyuma yake wanawake kumi na wawili.

"Bwana wangu, Mungu akuweke," akasema kwa adabu nyingi. "Sisi watu wa ghalani si wajuzi wa kitabu. Tumeona mna orodha ya siku za kufunga, na kila Ijumaa imo. Tumekuja kujifunza namna bwana mkubwa anavyofunga."

Liwali akawatazama bata, na bata, kwa kadiri walivyoweza, wakamtazama yeye. Wageni wakapewa maji na mkate mkavu, na mkate wenyewe ulitoka kwa Mama Ketura.

Ikafika Jumamosi. Kesho yake ilikuwa Pentekoste, na sheria ya mfalme ilisema kwamba liwali yeyote asiyeshiriki Meza ya Bwana siku hiyo huondolewa kazini. Na mekundu yalisema kwamba atakayeshiriki ampe kasisi jina lake siku moja kabla. Basi Waliojitenga wakapanga mstari kutoka mlangoni kwa kasisi hadi sokoni, na Kasisi Ambrosi akaandika majina, Habakuki kwa Zerubabeli, mpaka vidole vikamwuma. Mwisho wa mstari akaja Liwali.

"Niandike upesi, Ambrosi, nikapumzike."

Kasisi akaiweka kalamu chini. Katika siku zile sita alikuwa amepungua mwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameyasoma mekundu yote, kwa hofu kwanza, kisha kwa aibu. "Bwana wangu," akasema taratibu, "siwezi kukuandika. Imeandikwa hapa kwamba mtu mwenye uadui na mwenzake nisimkaribishe Mezani mpaka wapatane. Nawe una mtu gerezani."

Liwali akageuka, akamwona Tikiko ameegemea fagio lake.

"Nisipokwenda Mezani, mfalme ataniondoa," akasema Liwali.

"Ndiyo, bwana wangu."

"Na nikienda bila kupatana, nitatiwa mkatale kwa muhuri wangu mwenyewe."

"Awe nani," akasema Tikiko. "Baba kasisi aliyaandika vizuri sana maneno hayo."

Liwali akaitwaa kofia yake, akaenda gerezani kwa miguu. Akamkuta Epafra ameketi juu ya majani makavu, anakohoa. Akasema, "Epafra, nimekuja tupatane."

Epafra hakujua lolote lililotendeka mjini. Akamtazama Liwali, akafikiri, akasema, "Kupatana ni jambo zito, ndugu yangu. Keti." Basi Liwali akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, na Epafra akaanza tangu Kaini na Habili. Alipofika kwa Yakobo na Esau kikohozi kikamshika, akainama, asiweze kupumua. Liwali akampa maji, akavua joho lake na kumfunika mabegani, na hapo akaona jinsi mabega yale yalivyokonda. Akasema, na safari hii hakusema kwa ajili ya mfalme, "Nisamehe. Nilidhani nimemfunga mkaidi, kumbe nimemfunga mgonjwa."

"Nimekusamehe," akasema Epafra. "Lakini ngoja, sijamfikia Yusufu."

Hata jua likakaribia kutua ndipo wakapeana mikono, na mlango wa gereza ukafunguliwa.

Siku ya Pentekoste kanisa likajaa hata milangoni. Epafra naye akaja, mtu huru, akaketi nyuma karibu na kamba ya kengele. Wakati wa kupiga magoti ulipofika, akamtazama ndugu yake, akaguna, akapiga goti moja, na la pili akaiachia dhamiri yake. Tikiko ndiye aliyekuwa akiilinda amri neno kwa neno tangu Jumatatu. Akageuka upesi kuitazama dari.

Baada ya sala Liwali akaichana amri yake mbele ya watu, akatangaza kwamba Waliojitenga wasali ghalani wapendavyo na kwa kadiri ya saa wazipendazo, naye atamjibu mfalme, maadamu hawamlazimishi yeye kusikiliza. Mwenyewe akacheka, na watu wa pande zote mbili wakacheka naye, jambo ambalo halikuwa limeonekana Kolberi tangu enzi ya babu zao. Kisha akamwita Tikiko. "Ewe mpumbavu wangu mwenye akili, niombe utakacho, nami nitakupa."

Tikiko akapiga miayo mbele ya Liwali. "Bwana wangu, kesho saa kumi na moja nisipige kengele. Nataka kulala."

Akapewa alichoomba. Jumatatu alfajiri kengele ilikaa kimya, na njiwa wakarudi mnarani. Lakini upande wa pili wa chumba Epafra alikuwa ameamka, anasali kwa sauti, pasipo kitabu. Alimwombea Liwali, akamwombea kasisi, akamwombea Mama Ketura na tanuri lake, kisha akaanza kumwombea Tikiko, na hapo hakuonyesha dalili yoyote ya kumaliza. Tikiko akajifunika blanketi hadi kichwani, akacheka humo ndani mpaka machozi yakamtoka, kwa maana alikuwa amedhani hataisikia tena sauti ile. Kisha akalala, na sala ikaendelea.

Na hekaya imekoma hapa, nayo haikuchukua saa tatu.