Mkeka Uliokataa Kuisha

Hapo zamani, katika mji wa Shangaboni, alikuwako mwanamke msusi wa mikeka, jina lake Mize binti Shebwana. Miguu yake haikumchukua tangu utotoni, ikawa akitembea kwa mikono, ameketi juu ya kigozi cha mbuzi. Mali yake ilikuwa kibanda kimoja na mikindu tisa nyuma ya kibanda, naye akipata miyaa ya kusukia katika mikindu hiyo. Watu walimdhani mpungufu wa akili, kwa kuwa kila aambiwalo hulifanya vilevile lilivyosemwa.

Basi tajiri mmoja, Mbaruku, akaizungushia ua mikindu ile, akasema ni yake. Mize akaenda kushitaki.

Lakini baraza la Sultani Mwinyi Hatibu lilikuwa ghorofani, juu ya ngazi arobaini za mawe, na amri ya mji ilikuwa hii: mtu asibebwe kuingia barazani ila Sultani peke yake. Sultani alikuwa na jongo la vidole vya miguu, akipandishwa kila asubuhi na wachukuzi wanne.

Siku ya kesi mpiga mbiu akaita huko juu, "Mize binti Shebwana!"

"Nipo!" akajibu Mize chini ya ngazi.

"Hayupo," akasema Waziri, na karani akaandika.

"Nipo, jamani! Nipo hapa chini!"

"Hayupo mara ya pili."

Sultani akageuza shingo. "Waziri, ni nani huyo asiyekuwapo na kelele zake zanipasua masikio?"

"Kiwete mmoja, bwana. Msusi wa mikeka."

Sultani aliposikia habari ya mikeka akatazama chini ya miguu yake, kwa maana mkeka wa baraza ulikuwa umeliwa na mchwa, na wageni wa Idi walikuwa wanakuja baada ya miezi miwili. Akasema, "Mwambieni anisukie mkeka wa baraza, kipande kimoja, uenee ukuta hata ukuta. Ukipungua, mikindu ni ya Mbaruku. Ukienea, nitamsikiliza, akiweza kufika mbele yangu. Na mpaka amalize, akate miyaa katika mikindu hiyo, wala asizuiwe."

Waziri akashuka na maneno hayo, akicheka. Mize akasema, "Vema, bwana Waziri. Lakini mkeka hupimwa kwa mkono wa msusi mwenyewe. Nipandisheni nikapime."

"Amri waijua."

"Basi nipe vipimo."

Waziri alikuwa na haraka ya kwenda kwa mshonaji kujaribu joho lake la Idi, akasema, "Upana, mikono minane. Urefu, wewe suka tu, mpaka nitume mtu kukwambia yatosha."

"Mpaka utume mtu?"

"Nimesema Kiswahili, au nimesema Kihindi?"

"Nimesikia, bwana."

Akaenda zake, akasuka ukili, ule utepe wa miyaa, akaushona na mwenzake, ukili na kushona, ukili na kushona. Waziri naye, kwa mambo ya joho na kilemba, akasahau, asitume mtu. Jirani akamwambia Mize, "Shoga, mkeka huu wapita urefu wa msikiti! Si uache?"

Mize akasema, "Sijaambiwa yatosha."

Asubuhi ya Idi wapagazi kumi wakaja wakalipandisha bunda la mkeka barazani, wakitweta. Mize akajikokota nyuma yao hata chini ya ngazi, akaketi. Wakaanza kutandika ukutani penye kiti cha Sultani, wakaja nao hata mlangoni, bunda lingali nene kama pipa. Mmoja akalisukuma kwa mguu kutazama limebaki kiasi gani. Lo! Likashuka ngazi lenyewe, likijikunjua, kisha likatulia mbele ya Mize, limekwisha.

Mize akavua kigozi chake, akakiweka pembeni kama watu waachavyo viatu, akaketi juu ya ncha ya mkeka. Akapaza sauti, "Sultani, Mola akuweke! Nimefika barazani!"

Waziri akapiga kelele, "Leteni kisu, ukatwe!"

Kadhi akamshika mkono. "Waziri, umelewa joho? Mkeka wa baraza haukatwi, ni kuukata ufalme. Na ada ya wazee wetu ni kwamba ulipotandikwa mkeka wa Sultani ndipo palipo na baraza, hata iwe porini. Mwanamke huyu yumo."

Sultani akawaagiza wachukuzi wake wampeleke yeye hata kichwa cha ngazi, akatazama chini. "Mwanamke, amri yangu yasema mtu asibebwe kuingia barazani."

"Sikubebwa, bwana. Baraza ndilo lililobebwa. Na amri ni njema, ila wewe na mimi hatutofautiani ila kwa wachukuzi wanne."

Watu wakangoja kichwa cha Mize kianguke. Kikaanguka kilemba cha Sultani, kwa kucheka. Akaisikiliza kesi palepale, Mize chini na yeye juu, wakipigiana kelele. Mbaruku alipoulizwa ni nani aliyeipanda mikindu ile, akataja watu watatu mbalimbali, akaamriwa aung'oe ua kwa mikono yake.

"Sasa omba zawadi," akasema Sultani.

"Baraza likae huku chini, bwana, pasipo ngazi."

"Huko chini hulala farasi wangu!"

"Farasi ana miguu minne, bwana. Apande yeye."

Ikawa hivyo. Farasi akahamia ghorofani, na Waziri akapewa kazi ya kumpandishia majani.

Ijumaa iliyofuata Sultani akafungua baraza la chini, akaona watu wamejaa hata uani: wazee wenye mikongojo, vipofu, wajawazito, mama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akastaajabu, akasema, "Miaka ishirini natawala, sikuwaona hawa. Wametoka nchi gani?"

Mize akasema, "Hii hii, bwana. Anza na yule bibi mwenye kizibao chekundu, amengoja tangu enzi ya baba yako."

Sultani akaketi, akaanza, na inasemekana hadi leo hajamaliza.