Chungu Kibichi Chini ya Rundo

"Chungu kibichi motoni hakimjui mwenyewe." Mmeisikia leo shangazi yenu akimwambia yule jirani mchonganishi, mkacheka. Msicheke. Maneno haya yalianzia hapa hapa ziwani, kwa wafinyanzi, na chanzo chake ni wivu.

Palikuwa na mama mmoja, Sekela, hodari wa kufinyanga. Kero yake ilikuwa jirani yake Tupokigwe. Wanunuzi wakija gulioni waligeuzageuza vyungu vya Sekela, wakavirudisha chini, wakaondoka na vya Tupokigwe. Alivumilia. Lakini mama mkwe wake mwenyewe alipoagiza chungu cha samaki kwa Tupokigwe, wivu ulimshinda.

Sasa, desturi ya huku ni kuchoma vyungu pamoja. Kila mama huleta vyake, vinapangwa rundo moja, vinafunikwa nyasi na matete, kisha moto unawashwa. Sekela alileta vyungu vya harusi ya binti yake Bupe, akavipanga upande wa pili wa rundo, mbali na vya Tupokigwe. Halafu akachukua chungu alichofinyanga jana yake, kibichi bado, akakipaka udongo mwekundu kionekane kikavu, akakisukuma chini ya vyungu vya Tupokigwe. Mfinyanzi yeyote anajua kibichi kikipata moto hupasuka. Yeye alitaka vivunjike vya mwenzake tu. Wivu bwana, humsahaulisha mtu kazi aliyoifanya tangu utoto.

Kikapasuka. Vigae viliruka, vikavunja vya pembeni, navyo vikavunja vingine, mpaka rundo lote likaporomoka. Moto ulipozimika hapakuwa na chungu kizima, cha Tupokigwe wala cha Bupe.

Tupokigwe aliokota kigae upande wake, akamwendea Sekela huku analia.

"Mama Bupe, nisamehe. Kibichi kilikuwa kwangu, sijui kilinipitaje. Vyungu vya mtoto nitavifinyanga mimi."

Sekela alitamani ardhi immeze. Angeweza kunyamaza, na nadhani alijaribu.

"Si chako," akasema mwishowe. "Nilikiweka mimi, kikuvunjie vyako."

Tupokigwe alimtazama, akaondoka zake. Lakini ahadi aliitimiza. Siku ya harusi wageni walivisifu vyungu vya Bupe, wakatambua mkono wa Tupokigwe, wakamuuliza mama yake kwa nini hakumfinyangia mwanawe mwenyewe.

Sekela aliinamisha macho, akawajibu, "Chungu kibichi motoni hakimjui mwenyewe."